Mjusi na Mijusi: Umbo la Nomino na Upatanisho Wake

Jua la asubuhi linapozipasha moto kuta za mawe za Gisenyi, hujitokeza mjusi ambaye wanafunzi wetu wanamfahamu vyema. Mwili wake ni wa kahawia, magamba yake hung'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na mgongoni ana mistari miwili ya rangi ya manjano hafifu, mmoja kila upande. Akikamatwa mkia, huuacha ukikatika. Baadaye huota mwingine. Mjusi kafiri hutembea ukutani usiku, lakini huyu hupenda jua. Tena jike hatagi mayai, bali huzaa.

Mtaalamu Mjerumani, Wilhelm Peters, alimwelezea mwaka 1844 na kumpa jina la Kilatini lenye maana ya "mwenye mistari". Kwa miaka mingi aliwekwa katika jenasi ya Mabuya pamoja na mijusi wa Asia na wa Amerika waliofanana naye kwa umbo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, uchunguzi wa vinasaba uliivunja jenasi hiyo. Sasa yeye ni Trachylepis striata. Wenzake wa Asia, kama Eutropis multifasciata mwenye rangi ya shaba, wako katika jenasi ya Eutropis. Na jina Mabuya limebaki Amerika. Mjusi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kigezo cha kumwainisha.

Nomino inayomtaja ina tatizo la namna hiyohiyo. Tukitazama umbo, mjusi/mijusi inafuatana na mti/miti na mkate/mikate, na anayepanga ngeli kwa viambishi vya nomino ataziweka pamoja. Tukitazama upatanisho wa kisarufi, mambo ni mengine:

Mjusi huyu mdogo anaota jua.
Mijusi hawa wadogo wanaota jua.

Hatusemi "mijusi hii midogo inaota jua". Kisintaksia, nomino hii ni ya ngeli ya A-WA, sawa na mtume/mitume na kifaru/vifaru, kwa kuwa hutaja kiumbe chenye uhai. Binafsi naona kigezo cha upatanisho ndicho kimfaacho mwalimu wa darasani, maana mwanafunzi huzungumza kwa sentensi, si kwa orodha za nomino.

Hapa Rwanda jambo hili linahitaji uangalifu zaidi. Katika Kinyarwanda tunasema umuserebanya uriruka, imiserebanya iriruka: upatanisho hufuata umbo, hata kama anayetajwa ni mnyama. Mtoto aandikaye "mijusi inakimbia" anahamisha kanuni halali ya lugha yake ya kwanza. Niliwahi kumtazama mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha akiandika ubaoni kwamba nomino zote za m-/mi- ni za ngeli ya U-I. Dakika chache baadaye aliikata kwa wino mwekundu sentensi hiyo ya "mijusi inakimbia". Mtoto alikuwa ametii kanuni ya ubaoni neno kwa neno, na alama akanyimwa.

Zoezi: Tunga sentensi kwa kutumia mitume, vifaru, viroboto na vyura, kila moja ikiwa na kivumishi na kionyeshi. Kisha andika maelezo ambayo ungempa mtoto huyo pembezoni mwa daftari lake, badala ya alama ya kosa.