Mlo Usio na Nyama Katika Bustani ya Burudani

Katika somo hili tunamzungumzia mlaji kwa maana zake zote mbili: yule anayetajwa katika sheria, yaani mnunuzi wa bidhaa na huduma, na yule aliyeketi mezani akisubiri sahani yake.

Tuchukulie familia moja ya Dar es Salaam inayosherehekea sikukuu katika bustani ya burudani yenye mabembea na mabwawa ya kuogelea. Mama na bintiye hawali nyama wala samaki. Wamekwisha kulipa kiingilio, na chakula walichobeba kimezuiwa langoni kwa sababu kanuni za bustani haziruhusu chakula kutoka nje. Inapofika saa saba mchana, bango la mgahawa linawaonyesha kuku, mishikaki, soseji na chipsi. Mhudumu anasema, "Maharage yapo, hayana nyama." Wanakula. Baadaye wanabaini kwamba yaliungwa kwa supu ya mifupa.

Hasara hiyo si ya fedha pekee. Kwa Wahindu wengi na kwa Wajaini, kutokula nyama ni sehemu ya imani. Wapo pia Wasabato wanaojiepusha nayo, Wakristo wanaofunga, na wagonjwa wanaofuata ushauri wa daktari. Shati lisilokutosha hurudishwa dukani. Kilichokwisha kumezwa hakirudishwi. Ndiyo maana tunasisitiza kuuliza kabla ya kulipa.

Mahali nyama inapojificha

Mhudumu aliyesema "hayana nyama" huenda hakukusudia kudanganya. Kwake, nyama ni kipande kinachoonekana. Hivyo, swali sahihi si "chakula gani hakina nyama?" bali "chakula hiki kimepikwaje?" Zingatia yafuatayo:

1. Mafuta. Chipsi, mhogo, kachori na sambusa za viazi huweza kukaangwa katika karai lililotumika kwa kuku au samaki.
2. Supu. Wali wa pilau huweza kupikwa kwa supu ya nyama, kisha vipande vikaondolewa wakati wa kupakua.
3. Viungo. Kisamvu na mchicha huweza kuungwa kwa dagaa au kamba, na viungo vya pakiti huweza kuwa na asili ya kuku au ng'ombe.
4. Jelatini. Hii hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hupatikana katika baadhi ya pipi laini za kutafuna. Soma lebo.

Eleza pia mipaka yako waziwazi. Wako wasiokula nyama lakini hula mayai, na chipsi mayai huwafaa. Wajaini wanaoshika desturi yao kikamilifu hawali hata viazi, vitunguu wala vitunguu saumu. Kwao chipsi kavu si jibu.

Kabla ya kwenda na ukiwa huko

Piga simu bustanini siku moja kabla. Uliza kuna mlo gani usio na nyama, na kama unaruhusiwa kuingia na chakula chako kwa sababu ya imani au afya. Ukikubaliwa, omba ujumbe wa maandishi na uandike jina la aliyekujibu. Ukifika, omba kuzungumza na mpishi mwenyewe. Majibu yakiwa ya mashaka, chagua mahindi ya kuchoma, matunda yasiyomenywa au karanga.

Ukipotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji. Chakula kilichouzwa kwa maelezo ya kuwa hakina nyama, kumbe kinayo, ni jambo la kulalamikiwa. Dai risiti, piga picha ya bango la vyakula, andika saa na maneno uliyoambiwa, kisha mwone meneja kabla hujaondoka. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa mamlaka inayohusika pamoja na vielelezo hivyo.

Kwa wenye bustani tunasema hivi: anayemzuia mgeni kuingia na chakula chake amejitwika wajibu wa kumweleza kwa ukweli kilichomo katika chakula anachomuuzia.

Zoezi

Mgahawa umetangaza "pilau ya mboga". Andika maswali matatu utakayomuuliza mpishi kabla ya kulipa.