MASHUA HUOZEA NDANI

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nauliza: ziwani, ukuta huo utaujengea wapi? Wenzangu wa Chama cha Kiswahili na walimu wetu wapendwa, somo langu ni juu ya kutunza mashua ya mbao katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi kama ya Ziwa Victoria. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, msamiati wake ni mtamu na unatupotea. Pili, ubao mmoja uliooza ulinichelewesha kufika shuleni kwa wiki mbili, na baadhi yenu mlinicheka bila kujua kisa.

Tuanze na majina. Uti wa mgongo wa mashua ni mkuku. Mbavu zake ni mataruma. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Pale chini ndani maji yanapokusanyika ni ngama. Kuyatoa maji hayo ni kufua maji, na kifaa chake ni upo. (Ukiambiwa "Lete upo!" usijibu "Nipo!") Maneno haya yametoka pwani, lakini mashua ya Rusinga ina viungo hivyo vyote.

Sasa kisa chenyewe. Baba ana mashua ya mita saba ya kuvulia omena. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, nayo mashua hupumzika. Nilipokuwa kidato cha pili, Baba aliugua mwezi wa Novemba. Mashua ikakaa majini imefungwa kamba karibu wiki tano, mvua za vuli zikiinyeshea. Hakuna aliyefua maji. Tulisema, "Si itakauka tu jua likiwaka?"

Shule zilipofungwa tulitoka usiku mmoja watu watatu: Baba, baba mdogo na mimi. Hatujafika mbali, nikahisi baridi miguuni. Kumulika, kumbe maji yamefika kwenye vifundo! Ubao mmoja karibu na tezi ulikuwa umeachia misumari. Baba mdogo alivua shati akalisokomeza pale, nami nikafua maji mpaka mikono ikafa ganzi. Tulirudi ufuoni bila omena hata mmoja, lakini tulirudi.

Asubuhi Baba alitaka kupigilia kipande cha bati kwa nje, apake lami, tutoke jioni. Fundi wa mashua, mzee jirani yetu, alichukua kisu akaubonyeza ubao kwa ndani. Kisu kilizama kama kwenye ndizi mbivu.

"Mzee mwenzangu," akasema, "bati litaficha ugonjwa, halitauponya. Hii mashua haikuharibiwa na ziwa. Imeharibiwa na mvua."

Nilibisha moyoni. Ziwa lote lile liko nje, iweje kosa liwe la maji kidogo ya ndani? Baadaye mwalimu wa Bayolojia alinifungua macho. Kuvu inayoozesha ubao huhitaji unyevu na hewa. Ubao ukiwa na unyevu chini ya asilimia 20, kuvu haistawi. Ubao uliozama daima nao huikosesha hewa, hivyo huoza polepole sana. Hatari iko pale maji na hewa vinapokutana: kwenye mstari wa maji, chini ya mataruma, kando ya misumari, na ndani ya ngama. Tena chumvi ya bahari huipunguza nguvu kuvu, ilhali maji ya mvua hayana chumvi.

Pwani adui mkubwa ni mnyama mwenye mwili kama mnyoo, ingawa ni jamaa ya chaza, anayetoboa mbao. Mabaharia walimkinga kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Ziwani kwetu haishi. Lakini tusijisifu mno! Tunaye mdudu aitwaye Povilla adusta, ambaye tunutu wake huchimba vijumba katika mbao zilizozama. Wakishakomaa huruka kwa wingi siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu.

Hebu pia tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mashua yenye uwazi wa mita 8 za mraba, ikinyeshewa milimita 25, hubeba lita 200, yaani kilo 200. Hao ni watu wazima watatu waliopanda bila nauli!

Sasa hatua za utunzaji, kama nilivyojifunza nikimsaidia fundi:

1. Fua maji kila baada ya mvua, hata kama huna safari.

2. Mwezi ukiwa mpevu, ivute mashua nchi kavu, iweke juu ya magogo chini ya kivuli. Jua kali la siku nyingi hukausha mbao kupita kiasi, viungo vikaachana.

3. Sugua utelezi wa kijani kwa brashi ngumu. Usikwangue kwa panga, utajeruhi ubao.

4. Bonyeza kwa ncha ya kisu sehemu zote za hatari nilizotaja. Panapozama, pameoza.

5. Kata ubao uliooza mpaka ufike kwenye ubao mzima, ndipo utie mpya. Ukiacha uozo kidogo, utaendelea.

6. Piga kalafati: toa pamba kuukuu kwenye viungo, sokota mpya, uishindilie kwa tindo butu. Usijaze kupita kiasi, kwani mbao zikinywa maji zitavimba na kusukumana.

7. Paka rangi ubao ukiwa mkavu tu. Rangi juu ya ubao mbichi hufungia maji ndani.

8. Ukiirudisha majini, iache kwenye maji machache siku moja au mbili ili mbao zivimbe na kuziba viungo, kabla ya kupakia mzigo.

Mbao, pamba na rangi vilihitaji pesa, na pesa iliyokuwapo nyumbani ni karo yangu. Baba aliniita nje jioni.

"Karo ndiyo hii, na ubao ndio ule. Tufanyeje?"

Nilinyamaza kwanza. Kisha nikasema, "Baba, nunua ubao. Shule itaningoja kidogo. Maji hayangoji."

Nilifungua shule wiki mbili baada yenu, karo ikiwa imetoka kwa omena wa mashua ile ile. Baba sasa hulala na upo karibu na mlango, na hatutoki tena bila jaketi za kuokolea maisha.

ZOEZI
(a) Tunga sentensi ukitumia mkuku, ngama na kalafati.
(b) Mvua ya milimita 10 imenyesha juu ya mashua ya Baba, yenye uwazi wa mita 8 za mraba. Ni lita ngapi?
(c) Nani atazifua?