Viatu Visivyovaliwa

Watu wengi hudhani ya kuwa kiatu huchakazwa na njia tu. Kwa hiyo mtu hununua viatu vizuri, akavifunga katika mfuko wa plastiki, akaviweka sandukuni miaka mingi kwa ajili ya sikukuu. Hata siku atokapo Njombe kwenda Makambako, penye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, soli zabanduka kabla hajavuka barabara. Hapo hulaumiwa muuzaji, kumbe aghalabu mharibifu alikuwa sandukuni.

Mharibifu huyo ni unyevu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Una baridi na umande, na mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Unyevu wa hewa huingia sandukuni, na pasipo upepo hukaa humo. Ngozi huota kuvu, na gundi hulegea. Tena ziko soli nyepesi zitengenezwazo kwa poliuretani. Hizo unyevu huzila ndani kidogo kidogo, hata zikavunjika kama mkate mkavu, ijapokuwa hazijakanyaga chini.

Basi viatu na vivaliwe mara kwa mara. Vikisha kuvaliwa vifutwe, vikaushwe kivulini penye upepo, wala si karibu na moto, maana ngozi ikikauka mno hupasuka. Vya ngozi vipakwe dawa, kisha viwekwe mahali pakavu, pasipo mfuko wa plastiki. Soli ya poliuretani haidumu milele hata ikitunzwa. Ni heri kuitumia ingali nzima.