Gesi ya makokwa: salfa isifike kwenye injini

Ukigeuza maganda ya makokwa ya michikichi kuwa gesi ya jenereta, ipoze na uichuje lami kwanza. Lami ikifunika kichujio cha salfa, hakitanasa tena. Kisha gesi ipitishe, kutoka chini kwenda juu, katika bomba pana la plastiki angavu lenye kutu ya chuma na vumbi la mbao, vyenye unyevu kidogo; hicho ndicho kichujio cha salfa. Kutu ikinasa salfa hugeuka nyeusi: weusi ukikaribia juu, badilisha. Oksidi ya zinki husafisha zaidi, ila hutaka joto la nyuzi 300 na kuendelea. Hiyo waachie wenye viwanda. Kutu iliyotumika iloweshe kabla ya kuitoa, kwani ikikutana na hewa hupata moto na yaweza kuwaka yenyewe. Na pua usiiamini: monoksidi ya kaboni, iliyojaa katika gesi hii, haina harufu. Fanyia kazi nje.