Dondoo muhimu: Kuondoa ncha kali kwenye gia mpya

Gia ikitoka kwenye mashine, ncha kali za chuma hubaki ukingoni mwa meno, hasa upande ambao kikataji kimetokea. Usiziache. Zikikatika ndani ya giaboksi huchanganyika na oili na kula beringi.

Funga gia kwenye jiliwa, shika tupa laini kwa mshazari wa nyuzi 45 na ukwangue ukingo tu. Kwa gia ndogo, nusu milimita inatosha. Uso wa jino unaogusana na jino lingine usiuguse kabisa: ukiukwaruza, gia itapiga kelele na kuisha mapema. Kwenye kona za ndani tumia brashi ya waya.

Osha kwa mafuta ya taa, kisha pitisha pamba ukingoni, si kidole. Pamba ikinasa, rudia tupa.