Volti 12 na Kidole Chenye Pete

Katika baadhi ya vijiji vya milima ya Uluguru, taa na redio hutegemea paneli ya sola na betri ya volti 12. Fundi wa sola, sawa na kijana wa Morogoro mjini anayeunda roboti kwa betri kuukuu, huamini kuwa umeme huo hauna madhara kwa kuwa haumpigi shoti. Ngozi kavu huuzuia kweli, chuma hakiuzuii. Spana ikigusa ncha chanya na pete, na pete ikagusa ncha hasi, mkondo wa mamia ya ampea hupita. Pete huwaka moto mara moja na kuunguza kidole kwa kina.

Kinga: pete, bangili na saa zivuliwe kabla ya kazi, na ncha za betri zifunikwe. Fyuzi ifungwe karibu na ncha chanya, isizidi uwezo wa waya. Hiyo huzuia nyaya zisiwake zinapogusana.

Ajali ikitokea, kidole kipozwe kwa maji yanayotiririka dakika 20, na pete ivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Dawa ya meno na mafuta visipakwe. Jeraha lililozunguka kidole lipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata lisipouma: kutouma kwaweza kumaanisha kwamba neva zimeungua.