Ukikutana na Trela Barabarani: Mwongozo kwa Wasafiri wa Barabara Kuu Zitokazo Kampala

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha dereva wa gari dogo au taksi, mwendesha boda boda, abiria na mtembea kwa miguu anayetumia barabara ya Jinja, Masaka au Gulu. Hizi ni sehemu ya Ushoroba wa Kaskazini, njia ya mizigo inayoanzia bandari ya Mombasa, inayoingia Uganda kupitia Malaba na Busia, kisha kuelekea Rwanda, Kongo na Sudan Kusini.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu lori na mzigo wake kufika tani 56. Australia yapo malori ya trela tatu yenye urefu wa mita 53.5, lakini mengi hupita nyikani. Ya kwetu ni mafupi zaidi, ila hupita katikati ya Mukono, Lugazi, Lukaya na Luweero, penye soko, stendi na watoto wa shule. Huko Lugazi na Kakira huongezeka matrekta yanayovuta matrela ya miwa.

Mambo matatu ambayo lori haliwezi

*Haliwezi kusimama ghafla.* Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori hukata mita 22 kila sekunde. Breki zake ni za upepo, na upepo huo huchukua muda kufika kwenye matairi ya trela ya nyuma. Ile nafasi anayoiacha dereva mbele yake ndiyo akiba yake ya kusimamia. Ukijipenyeza hapo umemnyang'anya breki.

*Haliwezi kukuona kila mahali.* Dereva hakuoni ukiwa nyuma ya trela, karibu mno mbele ya kioo chake, au ubavuni, hasa upande wa kushoto. Usipoona uso wake kwenye vioo vyake vya pembeni, jua naye hakuoni.

*Haliwezi kukata kona kama gari dogo.* Likitaka kuingia kushoto, kwanza hujivuta kulia ili matairi ya nyuma yasipande ukingo. Upenyo unaobaki kushoto si njia. Trela inakuja kuufunga. Waendesha boda boda, subirini nyuma mpaka limalize kugeuka.

Kabla ya kulipita

Tuseme lori lina urefu wa mita 22 na linakwenda kilomita 60 kwa saa, nawe unalipita kwa 80. Ukihesabu nafasi ya usalama ya mita 25 nyuma yake, nyingine kama hiyo mbele yake, na urefu wa gari lako, utakuwa upande wa kulia kwa karibu sekunde 14. Katika muda huo utakuwa umekwenda zaidi ya mita 300. Gari linalokuja mbele kwa mwendo huohuo nalo litakuwa limekata zaidi ya mita 300. Kwa hiyo unahitaji kuona barabara tupu ya zaidi ya mita 600. Kama huioni, baki nyuma.

- Usipite kwenye kona, kilima, daraja wala penye mstari mzima.
- Usipite ukimfuata mwenzako aliyetangulia kupita. Anachokiona yeye wewe hukioni.
- Madereva wengi wa malori huwasha indiketa ya kulia kukwambia usipite, na ya kushoto kukwambia njia ni nyeupe. Washukuru, lakini hakikisha kwa macho yako. Huenda ya kushoto inamaanisha anaegesha tu.
- Ukishapita, usirudi kushoto mpaka uone lori zima kwenye kioo chako cha ndani.

Tarehe 22 Oktoba 2025, usiku, wilayani Kiryandongo kwenye barabara ya Gulu, mabasi mawili yaliyotoka pande tofauti yaligongana uso kwa uso, kila moja likijaribu kulipita gari lililokuwa mbele yake. Watu zaidi ya 40 walifariki.

Usiku

Ukikuta matawi ya miti yametandazwa barabarani, punguza mwendo mara moja: mbele kuna gari lililoharibika, pengine halina hata taa. Trekta la miwa nalo, huenda taa zake za nyuma hazionekani kwa sababu ya mzigo. Gari lako likiharibika, lisogeze nje ya lami, washa taa za tahadhari na weka pembetatu mapema, mbali na gari. Kama ulitumia matawi, yaondoe kabla ya kuondoka, maana pikipiki huyavaa gizani.

Lori la mafuta likipinduka

Usisogee. Usiende kuchota. Mvuke wa petroli hauonekani, hutambaa chini, na cheche ya injini ya boda boda inatosha kuuwasha. Namungoona, Juni 2013, na Kigogwa, Oktoba 2024, watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka na kuua wengi.

1. Zima sigara. Ukiwa umekaribia, zima injini na uondoke kwa miguu.
2. Kimbia uelekee upepo unakotoka, uwaondoe na wenzako.
3. Piga 999 au 112. Taja barabara, mji wa karibu, ni mzigo gani, na kama kuna waliojeruhiwa.

Kwa abiria

Dereva akijaribu kulipita lori mahali asipoona mbele, mwambie arudi nyuma, na waombe wenzako waseme pamoja nawe. Akikaidi, andika namba ya gari, saa na mahali, kisha utoe taarifa kwa polisi wa kizuizi kinachofuata. Usingoje kufika mwisho wa safari.